Sauti Yangu Yasema Nje

Miaka kumi na tisa niliinama nyuma ya mstari,
mikono magotini, shingo mbele kama kuku aliyeona punje,
na Agosti ya hapa Monterrey
ikinichoma nyayo kupitia soli mbili,
saruji ya buluu ikifuka joto.
Sikuwa na jina. Nilikuwa mstari wenyewe
umevaa kofia.
Nikipaza "Nje!" na kunyoosha mkono,
mabinti wa dunia nzima walinigeuzia jicho la wembe.
Mmoja alinitukana kwa Kicheki.
Nilimwelewa. Tusi halitaki mkalimani.

Kisha zikaja kamera.
Hazipepesi, hazichoki,
hazijagombana na mtu asubuhi.
Tukaagwa kwa keki na vyeti.
Mimi nikavutwa pembeni: "Bi Eduviges,
koo lako lina chuma ndani."
Chumba bila dirisha, magodoro ukutani, glasi ya maji.
"Sema nje. Tena. Kwa ukali.
Sasa kama mpira uliokosea kwa unywele.
Sasa kama hata kipofu kauona."
Nje, nje, nje, nje,
nikalipwa mara moja, nikanunua friji.

Siku hizi nasukuma maji.
Mvua ikishuka kutoka mlima Tandiko
tunaingia wanane na magurudumu ya sponji,
tunamalizia kwa taulo na magoti.
Isiponyesha, nakaa nyuma ya uzio
karibu na toroli la mahindi, ndimu na pilipili,
naisikia sauti yangu ikiita viwanja vitano kwa mpigo.

Jumapili, raundi ya mchujo. Uwanja wa nne,
usio na jukwaa, una mabenchi matatu.
Yaretzi Cantú, miaka kumi na saba,
binti wa fundi wa matairi kule Apodaca;
na Ilinca Dobrescu, thelathini na miwili,
goti ndani ya bandeji, hana kocha,
soksi alizofua kwenye sinki la hoteli
kazianika mgongoni mwa kiti chake cha uwanjani.
Seti ya tatu. Tano kwa sita. Thelathini kwa arobaini.

Alikimbia mpaka akakaribia kugonga uzio wangu,
akauchota mpira chini kabisa;
ukazunguka nguzo ya wavu,
ukakata kona kama paka anayerudi kwao,
ukatua upande wa pili, juu ya ule mstari
ambao macho yangu yanaufuata hata usingizini.
Ulilamba rangi nyeupe. Niliuona.
Na sauti yangu, kutoka juu ya nguzo,
sauti ya mwanamke niliyemzidi miaka minne,
ikasema: "Nje."
Si ile kali. Ile ya unywele.

Ilinca hakubisha. Nani abishane na nguzo?
Alitafuta uso wa kuukasirikia,
akageuka huku, akageuka kule,
macho yakanipita kama yanavyopita ndoo,
akaenda wavuni kutoa mkono.
Mtoto wa Apodaca alilia kwa furaha, ni haki yake;
babake alidondosha mahindi.

Labda kamera ilisema kweli. Milimita moja, wanasema,
nami nilikuwa mbali, nina miwani.
Lakini lile jicho la wembe
ningelipokea. Nililizoea. Lilikuwa langu.

Usiku mvua ikaja. Nikaenda uwanja wa nne kabla ya kutumwa,
nikapiga magoti pale pale.
Saruji haitunzi alama kama udongo,
haikumbuki mtu.
"Ndani," nikasema.
Neno hilo hawakunirekodi.
Mpira ukiwa ndani mwamuzi wa mstari hunyamaza,
hushusha viganja viwili tu,
kama anayetuliza maji.
Nikavishusha. Maji yalikuwa ya moto bado.

"Eduviges!" msimamizi akaita, "upande huu je?"